Mashapo Yasiyotuama: Maoni Kuhusu Istilahi za Tope Lichukuliwalo na Maji katika Bahari za Baridi

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kila siku neno mashapo halina utata. Ni yale yanayobaki chini ya chombo: mashapo ya kahawa ndani ya dele, mashapo ya mafuta chini ya kopo. Waandishi wa vitabu vya jiografia na jiolojia walipohitaji neno la kutajia udongo, tope na mchanga uliochukuliwa na maji ukarundikana mahali, walilichukua neno hilo, na kwa maoni yetu walifanya vyema. Tatizo hujitokeza pale neno hilohilo linapotwikwa dhana nyingine, yaani ile ya chembe ambazo bado zimo majini na hazijatua popote. Mfasiri anayefuata Kiingereza hatua kwa hatua hujikuta akiandika "mashapo yanayoning'inia", na msomaji wake hulazimika kuwaza kitu kilichokwisha kutua ambacho wakati huohuo kimetundikwa.

Makala haya yana hoja moja. Chembe zinazosafiri majini na chembe zilizotua zitajwe kwa majina tofauti, na majina hayo yatokane na vitenzi ambavyo Kiswahili kinavyo tayari kuhusu maji na tope. Ili kuipima hoja hiyo tumechagua uwanja ulio mbali nasi: bahari za pwani za nchi za baridi, hususan Bahari ya Beaufort iliyo kaskazini mwa Alaska na Kanada, na Bahari ya Laptev iliyo kaskazini mwa Siberia. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Istilahi hupimwa kwa mfano mgumu, na katika bahari hizo chembe ya tope huzama, hutibuka, hunaswa na barafu, hupanda juu ya maji na pengine hutua maelfu ya kilomita kutoka ilikotoka. Neno litakalosimama huko litasimama popote.

2.0 Chembe Iliyo Majini Inashikiliwa na Nini?

Swali hili aghalabu halimjii mfasiri. Hata hivyo, kitenzi kuning'inia kina jibu lake ndani yake. Kinachoning'inia kimeshikwa juu, kama kandili ining'iniavyo darini. Chembe ya tope iliyo majini haikushikwa juu. Inazama wakati wote, ila inazama polepole.

Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha kwamba kasi ya chembe ndogo ya mviringo inayozama katika kiowevu huongezeka kwa mraba wa kipenyo chake na hupungua kadiri mnato wa kiowevu unavyozidi. Hapa baridi inaingia katika hesabu. Maji ya bahari yaliyo karibu na nyuzijoto 0 yana mnato unaozidi mara mbili ule wa maji yenye nyuzijoto 28, ambayo ni hali ya kawaida katika pwani yetu. Tukikokotoa kwa kanuni hiyo, chembe ya tope laini yenye kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita huzama takriban mita 4 kwa siku katika maji ya Beaufort, ilhali chembe hiyohiyo ingezama zaidi ya mita 8 katika maji ya Mombasa. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye kipenyo cha sehemu mbili za elfu za milimita, ikiwa peke yake katika maji matulivu ya baridi kiasi hicho, ingehitaji miezi minne hivi kuzama mita 20.

Lakini maji hayatulii. Upepo, mawimbi na mikondo huyavuruga, na katika vurugu hiyo maji yanayopanda hubeba chembe nyingi kuliko yale yanayoshuka, kwa kuwa tope ni zito zaidi karibu na sakafu ya bahari. Kwa hiyo hali tunayoitafutia jina ni mizani ya mambo mawili yanayoendelea kwa pamoja: chembe zinatuama na chembe zinatibuliwa. Vurugu ikizidi, maji huchafuka, ikipungua, hutakata. Kiswahili kinavitofautisha vitendo hivi kwa usahihi mkubwa. Maji yaliyotuama ni maji yaliyotulia hata yakaacha uchafu wake chini; maji yaliyotibuliwa ni yale ambayo kilichokuwa chini kimeinuliwa ndani yake. Mvuvi yeyote anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa fizikia.

Hata hivyo, msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kujihadhari na jambo moja. Kwetu mtibuaji mashuhuri ni maji ya bamvua, ambayo Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katika pwani ya Beaufort tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa haifiki hata nusu mita. Bamvua na maji mafu huko havina uzito wa kutajika. Watibuaji wa bahari hiyo ni watatu: dhoruba, mto na barafu.

3.0 Mto Unaopita Juu ya Bahari

Mto Mackenzie wa Kanada huchukua takriban tani milioni 120 za tope na mchanga kila mwaka kuelekea delta yake na Bahari ya Beaufort. Mto Lena wa Siberia una maji mengi zaidi, lakini mzigo wake ni takriban tani milioni 20 tu. Hakuna mto mwingine unaoingia katika Bahari ya Aktiki ambao unaufikia Mackenzie kwa wingi wa tope.

Sehemu kubwa ya mzigo huo huja kwa kishindo, kuanzia mwishoni mwa Mei, wakati ambapo barafu ya mtoni imevunjika ilhali barafu ya baharini, yenye unene wa mita 2 hivi, bado imeshikamana na pwani. Mtu angedhani kwamba maji yenye tope, kwa kuwa ni mazito, yatatumbukia chini ya maji ya bahari. Sivyo. Maji ya bahari ni mazito kwa sababu ya chumvi yake, na maji matamu yangehitaji takriban gramu 40 za tope katika kila lita ili kuyashinda kwa uzito. Wastani wa Mackenzie haufiki hata gramu moja. Kwa hiyo maji ya mto, pamoja na tope lake lote, hutanda juu ya maji ya chumvi na kusambaa mbali chini ya barafu. Chembe za mfinyanzi zinapokutana na chumvi hushikana na kufanya vibonge, na vibonge hivyo huzama kwa kasi inayozidi mara nyingi ile ya chembe moja moja. Kutuama, kwa hiyo, hakutegemei chembe peke yake. Kunategemea pia ni nani chembe hiyo imekutana naye njiani.

Katika pwani ya Alaska, ambako mito ni midogo zaidi, sehemu ya mafuriko hupita juu ya barafu yenyewe. Maji hutanda juu ya uwanda mweupe, hutafuta nyufa na matundu, kisha hushuka kwa nguvu yakizunguka kama pia hadi yakaichimba sakafu ya bahari. Erk Reimnitz na wenzake waliyaeleza mashimo hayo mwaka 1974 na kuyapa jina linalotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya maji yazungukayo. Baadhi yake yana kina kinachozidi mita 4. Nje zaidi, marundo ya barafu iliyobanana na kukwama chini, ambayo Warusi huyaita stamuki, huilima sakafu kama jembe la kukokotwa na kuacha mifereji mirefu. Haya si mambo ya kupendeza akili tu. Bomba la kisiwa cha Northstar, ambacho kilianza kutoa mafuta katika Bahari ya Beaufort mwaka 2001, lilifukiwa chini ya sakafu ya bahari kwa kuzingatia mashimo na mifereji hiyo.

Tukirudi katika lugha, tutaona kwamba siku hiyohiyo na mahali hapohapo pana tope lililofika kwa mto na halijawahi kutua baharini, tope lililokuwa limetua na sasa limetibuliwa, na tope ambalo linatua. Kuyaita yote mashapo ni kuukataa ushahidi wa vitenzi vyetu wenyewe.

4.0 Chembe Zinazopanda

Mfano ulio mgumu zaidi hutokea majira ya kuganda, hasa mwezi Oktoba. Dhoruba ikipiga sehemu ya bahari isiyo na kina kirefu na ambayo bado iko wazi, maji yote, kuanzia juu hadi chini, hupoa hata yakapita kidogo kiwango chake cha kuganda, ambacho kwa maji ya chumvi ni karibu na nyuzijoto -1.8. Kwa kuwa yanavurugwa, hayafanyi utando juu. Badala yake fuwele ndogo zisizohesabika huzuka ndani yake. Fuwele hizo hugongana na chembe zilizotibuliwa na dhoruba, huzinasa, na kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, hupanda nazo. Barafu nyingine huota juu ya sakafu yenyewe, ikashika mchanga na changarawe, kisha ikang'oka na kupanda pia. Dhoruba inapokoma, bahari hufunikwa na barafu chafu yenye rangi ya tope.

Barafu hiyo haikai ilipoganda. Ile inayotoka Bahari ya Laptev huchukuliwa na mkondo unaoivuka Bahari ya Aktiki kuelekea mlango wa bahari ulio baina ya Greenland na Svalbard, na huko huyeyuka na kuangusha mzigo wake. Mnorwei Fridtjof Nansen alikuwa ameliona jambo hili mapema. Miongoni mwa hoja alizozitumia kuutetea mpango wake wa safari ni kwamba tope lililookotwa juu ya barafu karibu na Greenland lilikuwa na diatomu, yaani mimea midogo mno ya majini, za aina iliyokwisha kuonekana karibu na Mlango wa Bering, upande wa pili wa dunia ya barafu. Jahazi lake, Fram, lilinaswa na barafu kaskazini mwa Siberia mwezi Septemba 1893 na likatoka karibu na Svalbard mwezi Agosti 1896. Safari ya tope ndiyo iliyotabiri safari ya jahazi.

Hapa tunafikia jambo la ajabu kidogo kuhusu istilahi. Tulikwisha kusema kwamba chembe iliyo majini hainin'ginii, kwa kuwa haikushikwa juu. Chembe iliyonaswa na fuwele chini ya barafu ya Laptev ndiyo pekee iliyoshikwa juu kwa maana halisi ya neno. Kama kitenzi kuning'inia kina nafasi katika taaluma hii, basi nafasi yake ni hapo, na wala si katika maji machafu ya mlango wa mto.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mambo haya makubwa hutokea wakati mgumu kwa mtafiti. Meli nyingi za utafiti hufika huko kiangazi; satelaiti haioni maji yaliyo chini ya barafu. Vyombo vinavyotiwa nanga mwaka mzima vimesaidia sana, lakini hata chombo kinachopima kwa mwangwi wa sauti hakitofautishi kwa urahisi fuwele za barafu na chembe za tope. Taaluma ambayo vyombo vyake vinaweza kuchanganya vitu namna hiyo haina nafasi ya kuvumilia msamiati unaochanganya pia.

5.0 Istilahi Tunazopendekeza na Pingamizi Zake

Tunapendekeza kwamba neno mashapo libakie kwa kile kilichotua, iwe leo au miaka milioni iliyopita. Chembe zilizomo majini ziitwe matibuko. Kitendo cha kuziinua kiitwe mtibuko, na kitendo cha kurudi chini kiitwe mtuamo. Zile zilizoshikwa na barafu ziitwe chembe naswa. Tulifikiria pia neno magando kwa hizo za mwisho, lakini gando ni koleo la kaa, na hatuoni faida ya kumtia kaa katika somo lisilomhusu.

Pingamizi la kwanza tunalolitarajia ni zito. Wenye Kiingereza, litasema, wanatumia neno moja kwa hali zote, na asili yake ya Kilatini ni kitenzi cha kukaa kitako. Mkanganyiko huo haujawazuia kufanya sayansi. Ni kweli. Lakini kwao mzizi huo umekwisha kufa. Hakuna mwanafunzi wa London anayeusikia. Kwa mwanafunzi wetu mashapo ni neno hai lililo mezani kila asubuhi, na maana yake hai itamwongoza atake asitake. Aidha, kukopa neno hilo la Kiingereza kwa tahajia ya Kiswahili kutatuletea mkanganyiko uleule, na zaidi ya hapo kutalinyima somo msaada wa vitenzi.

Pingamizi la pili ni kwamba tunaongeza istilahi pasipo haja. Jibu letu ni mfano wa mwani. Katika ghuba ya Stefansson, pwani ya Alaska, kuna eneo la mawe linaloitwa Boulder Patch ambako huota mwani mkubwa wa kahawia. Mwani huo hujiwekea akiba ya chakula wakati wa kiangazi chenye mwanga, kisha hutumia akiba hiyo kurefusha majani yake gizani, chini ya barafu, wakati wa baridi. Tope linaudhuru kwa njia mbili. Lililomo majini huzuia mwanga, hivyo kiangazi chenye pepo nyingi huacha akiba haba na majani mafupi. Lililotua hufunika mawe ambayo mwani mchanga ungeshika. Hizi ni hasara mbili, zenye vyanzo viwili, na dawa yake si moja. Anayesema "mashapo yanaudhuru mwani" hajasema bado ni ipi.

Mfano huu hauko mbali nasi kama unavyodhaniwa. Mto Sabaki unapofurika huipaka rangi ya udongo bahari ya Malindi, ambako pana hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Matumbawe nayo hudhuriwa na tope kwa njia mbili zilezile: matibuko huyanyima mwanga, na mashapo huyafunika. Mjadala wa Kiswahili kati ya mtaalamu na mvuvi kuhusu suala hilo utasonga mbele pale tu watakapojua wanazungumzia lipi.

Pingamizi la tatu ni kwamba mashapo limekwisha kuzoeleka vitabuni. Hatupendekezi lifutwe. Miamba iliyotokana na mashapo itabaki ya mashapo, na tabaka za sakafu ya bahari vilevile. Tunachopendekeza ni mpaka: neno hilo lisivuke kutoka sakafuni kwenda majini.

6.0 Hitimisho

Kiswahili kimepiga hatua kubwa katika uundaji wa istilahi tangu kuanzishwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilidhihirisha kwamba kazi hiyo inawezekana katika sayansi ngumu. Lakini kwa jumla mazoea yetu yamekuwa ni kutafuta nomino ya Kiswahili kwa kila nomino ya Kiingereza. Njia hiyo hutosha pale kitu kinapokuwa kimetulia. Pale kitu kinapokuwa katika mwendo, tunapaswa kukiangalia kwanza kinafanya nini, ndipo tukipe jina.

Haja hiyo inazidi kuwa ya haraka. Barafu ya bahari ya Aktiki imepungua sana tangu vipimo endelevu vya satelaiti vilipoanza mwaka 1979, na Septemba 2012 ilifikia eneo dogo kuliko miaka yote ya vipimo hivyo hadi wakati huo. Maji wazi yakipanuka, mawimbi hupata uwanja wa kukua. Huko Drew Point, Alaska, ukingo wa ardhi iliyoganda ulirudi nyuma kwa wastani wa zaidi ya mita 15 kwa mwaka kati ya 2007 na 2016, na kinacholiwa nchi kavu huingia majini kikawa matibuko. Mabadiliko ya tabia nchi yanafundishwa leo katika shule na vyuo vyetu, na mengi ya mifano yake hutoka huko kwenye baridi. Mwanafunzi atakayeambiwa kwamba mashapo yanaongezeka katika bahari hizo ana haki ya kuuliza: majini, sakafuni, au ndani ya barafu?

Ni matumaini yetu kwamba wenzetu wa idara za jiografia na sayansi za bahari wanaosimamia tasnifu zenye muhtasari wa Kiswahili watayajaribu maneno haya katika kazi halisi, na kwamba watakaoyaona yamepwaya watatuandikia katika kurasa hizi watuonyeshe ni wapi.